Tulilipia bahari, tukakosa maji

Msomaji, bila shaka nawe umewahi kuona tangazo la hoteli lililokufanya uache kazi iliyokuwa mikononi na kuanza kuhesabu pesa ulizo nazo. Picha moja tu: dirisha lililo wazi, pazia jeupe linapeperushwa na upepo, na nje yake bahari. Kitanda hakionekani vizuri, bafu halionekani kabisa, lakini nani huuliza habari za bafu huku anaitazama bahari? Mimi sikuuliza. Ndiyo sababu ninakuandikia leo.

Nyumba yenyewe iko katika Mji wa Kale, Mombasa, upande unaoelekea Bandari ya Kale. Jina lake nitalihifadhi. Mji ule ni mdogo, watu wanajuana hadi kwa mababu, na mwenye nyumba ambaye sijawahi kumwona hana nafasi ya kujitetea katika ukurasa huu. Tosha tu ujue kwamba ni nyumba ya kale ya ghorofa tatu, yenye mlango wa nakshi na roshani ya mbao, na kwamba nililipa shilingi 7,000 kwa chumba kimoja cha vitanda viwili kwa usiku mmoja, staftahi ikiwemo. Kulikuwa na chumba cha shilingi 4,500. Tofauti kati ya vyumba hivyo viwili ilikuwa dirisha.

Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na mama yangu mzazi, na hapo ndipo kisa chote kilipo.

Mama alizaliwa Makadara, akakulia Makadara, na mwaka 1984 akaolewa na kijana wa Shirika la Reli aliyempeleka Nakuru, kwenye baridi ambayo hadi leo hajaizoea. Katika miaka yote hiyo safari zake za kurudi kwao zilikuwa za aina mbili tu: arusi na msiba. Nawe wajua kwamba aendaye arusini au msibani kwa jamaa zake halali. Anakuna nazi, anachagua mchele, anaosha masinia, na usiku ukishakuwa mkubwa anajinyoosha kwenye mkeka baina ya binamu saba na watoto wao. Alfajiri anaamshwa kukanda unga. Mama hurudi Nakuru miguu imevimba, akisema amefurahi sana.

Kwa hiyo nilitaka, angalau mara moja kabla magoti yake hayajakataa kabisa, aende Mombasa kama watu wengine waendavyo: kupumzika.

Tena kulikuwa na habari ya dirisha. Nimeisikia tangu nikiwa mdogo. Mama alipokuwa msichana, akitumwa Marikiti kununua nazi, alikuwa akirudi kwa njia ndefu makusudi, anashuka hadi Ndia Kuu ili apite chini ya nyumba fulani iliyoielekea bahari. Ilikuwa nyumba ya watu wenye nafasi, hakuna mtoto wa Makadara aliyeingia. Siku moja aliinua macho akamwona mwanamke amesimama kwenye roshani ya juu kabisa, anakula embe, anatazama majahazi. Hakuwa akifanya neno lingine. Mama anasema hajapata kumwonea mtu wivu maishani mwake isipokuwa yule mwanamke na lile embe.

Basi fikiria, msomaji, nilivyoruka nilipoona kwamba nyumba ile ile imegeuzwa kuwa ya kulaza wageni.

Tulisafiri kwa treni mpya, ile iliyoanza mwaka 2017, tukashuka Miritini jua likiwa la saa nane. Ilikuwa Februari, kaskazi imeanza kuchoka, hewa imesimama kama maji ya mtungi. Kutoka kituoni tulipanda matatu hadi mjini, kisha tukachukua tuktuk, kwa sababu vichochoro vya Mji wa Kale havina msamaha kwa gari kubwa kuliko hilo.

Lazima nikiri jambo hapa. Tuktuk ile ilipita Makadara. Ilipita hatua chache tu kutoka mlango wa dada yake mama, Mama Mkubwa wangu, mwanamke aliyemlea mama baada ya bibi yetu kufariki. Hatukusimama. Mimi ndiye niliyepanga hivyo. Nilimweleza mama kwamba tukisimama tutakamatwa. Tutakunywa chai, chai itakuwa chakula, chakula kitakuwa kulala, na dirisha tutaliona katika picha. Nikamwambia tutakwenda kesho asubuhi, tumpe Mama Mkubwa furaha ya ghafla. Mama hakusema kitu. Alijifunika mtandio hadi puani kama mtu mwenye deni, akageuza uso upande wa pili.

Makadara, kwa asiyepajua, ni mtaa ulio mgongoni mwa Mji wa Kale, ukielekea upande wa mjini mpya. Wakenya wengi wameusikia kwa sababu ya uwanja wake, ambapo wanasiasa huhutubia na ambapo wakati wa Idi watoto hupanda bembea hadi watapike kaimati. Wabaluchi, ambao mababu zao walikuja pwani hii kama askari wa watawala wa Omani, walifanya makazi hapo na wana msikiti wao hapo. Wazee hulihusisha jina la mtaa na neno la Kiarabu la kadari, yaani lile ambalo Mungu amekwisha kuliandika. Siku ile sikulifikiria jina hilo. Nililifikiria usiku.

Hauna mandhari, Makadara. Usije ukadanganywa. Una nyumba zilizoshikana mabega, nyaya za umeme, mafundi cherehani, vijana wa mishkaki, wazee wa baraza na paka wasio na haraka. Hakuna mpiga picha wa matangazo aliyewahi kupoteza siku yake hapo.

Ukiupa mtaa huo mgongo na kushuka kuelekea baharini, mambo yanabadilika. Ndia Kuu ni barabara ya kale iliyo nyembamba kuliko jina lake. Ukiifuata kutoka Fort Jesus utapita maduka ya vinyago, milango ya nakshi ambayo mingine imekatika pembe, roshani zilizoinama kama wazee wanaosikiliza, na mbele kidogo Msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa mwaka 1570, wenye mnara mnene mweupe. Mji wa Kale umelindwa kisheria kama turathi ya taifa, na Idara ya Makumbusho ina ofisi yake ya kuutunza. Lakini sheria hailipi fundi wa mbao. Nyingi ya nyumba hizo zinamilikiwa na ndugu waliotawanyika, mmoja Mombasa, mmoja Maskati, mmoja Uingereza, na kila mmoja anangoja mwenzake atengeneze paa.

Nyumba yetu ilikuwa imepakwa chokaa upya kwa nje. Mama alisimama chini yake, akaiangalia kwa muda mrefu. Akanong'ona, "Ndiyo hii." Alikuwa na miaka 65, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyetumwa nazi.

Mlangoni alitupokea kijana mmoja mpole, mwembamba, shati limelowa jasho mgongoni. Alichukua mizigo yetu. Tukapanda ngazi. Ngazi hazikuwa katika tangazo. Nilizihesabu baadaye: 52, za mawe, zisizolingana kimo, bila kitu cha kushika isipokuwa kamba iliyofungwa ukutani. Mama alipumzika mara tatu. Mara ya tatu alikaa kabisa, akacheka, akasema pengine ndiyo sababu yule mwanamke alikuwa akila embe juu: alipanda mara moja akaogopa kushuka.

Lakini dirisha, msomaji! Sitaki nikudhulumu. Dirisha lilikuwa kweli.

Lilifunguka kwenye roshani ya mbao, na chini yake ilikuwa Bandari ya Kale, maji yake ya kijani yakigeuka samawati kuelekea mlango wa bahari. Majahazi mawili yalikuwa yametia nanga, moja limepakwa rangi mpya ubavuni. Wavulana walikuwa wakijirusha majini kutoka gatini. Ng'ambo ilionekana English Point, na nyuma yake miti ya upande wa Kisauni, ulikoanzishwa mji wa Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Zamani, katika msimu kama huu, bandari hii ilijaa majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, yaliyoletwa na kaskazi yakingoja kusi iyarudishe. Mama aliyakuta ya mwisho mwisho. Alinionyesha kwa kidole mahali yalipokuwa yakifungwa, na jinsi harufu ya papa mkavu ilivyofika hadi madrasa.

Nilikimbia chini nikamnunulia embe. Alilila amesimama kwenye roshani, maji ya embe yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Hakuwa akifanya neno lingine. Jua lilikuwa likishuka nyuma yetu, upande wa bara, na ule mwanga wake wa mwisho ukaangukia ng'ambo ukaifanya kama shaba. Kama ningerudi Nakuru saa ile, leo ungekuwa unasoma makala nyingine.

Mama alisema, "Nawa mikono, mwanangu, tusali Magharibi."

Akaingia bafuni. Nikasikia bomba likikohoa mara mbili, likatoa upepo, likanyamaza.

Nilishuka ngazi 52. Kijana akaniomba radhi, akasema maji yatarudi baada ya saa moja. Baada ya saa moja nilishuka tena. Akaniletea ndoo moja, aliyoipandisha mwenyewe, nusu yake ikiwa imemwagika njiani. Yalikuwa maji ya kisima, ya chumvi, yale ambayo ukisugua sabuni hadi asubuhi povu halitoki. Mama alitawadha nayo bila manung'uniko. Ni maji aliyokulia. Mimi niliyazoea vibaya zaidi.

Huenda unajiuliza: mtu alale ukingoni mwa bahari akose maji? Ndiyo Mombasa hiyo. Kisiwa hakina mto. Maji yake matamu huvutwa kutoka bara, mengine kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililokamilika mwaka 1957, mengine kutoka Baricho kando ya mto Sabaki, na mji umekua kuliko mabomba. Wenyeji wanalijua hilo. Ndiyo sababu kila nyumba ina matangi, mitungi na namba ya simu ya mwenye mkokoteni. Nyumba iliyotoza shilingi 7,000 haikuwa na tangi la kutosha. Ilikuwa na bahari.

Saa mbili na nusu umeme ukazimika. Jenereta ikanguruma, nikashukuru; kumbe ilikuwa ya mkahawa wa juu ya paa peke yake, ambako vijana wawili walikuwa wakipima spika za muziki. Feni ya chumbani ikazunguka mara chache za kuaga, ikatulia. Chandarua changu kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Nililifunga kwa kibanio cha nywele. Mbu wa Bandari ya Kale hawatishwi na vibanio.

Na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mtu wa umri wangu alipaswa kuwa amelijua: mandhari huuzwa mchana, lakini mgeni hulala usiku. Nilitazama dirishani. Palikuwa na giza, taa chache za ng'ambo, na harufu ya matope ya maji kupwa. Dirisha langu la shilingi 2,500 lilikuwa shimo jeusi ukutani, sawa na lolote la Makadara, isipokuwa la Makadara lingekuwa na mtu wa kulipungia kipepeo.

Mama naye hakuweza kulala. Alitoa kiti kwenye roshani, akavua mtandio, akaanza kujipepea kwa kifuniko cha boksi la viatu. Nikaketi sakafuni karibu yake. Ili kumchangamsha nikamwambia kwamba kuna wageni waliowahi kulala vibaya zaidi yetu mjini hapa, tena kwa mandhari mazuri zaidi. Nikamkumbusha Fort Jesus, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, na ambayo tangu mwaka 2011 iko katika orodha ya turathi za dunia. Hakuna jengo Mombasa lililokaa mahali pazuri zaidi. Lakini waliokuwa ndani yake majeshi ya Omani yalipoizingira Machi 1696 walikaa na bahari ile mbele ya macho yao hadi Desemba 1698, wakifa kwa maradhi na njaa, wakitazama kama kuna merikebu itakayokuja. Na Waingereza walipoichukua wakaifanya jela, kutoka 1895 hadi 1958. Miaka 63 wafungwa walikuwa na upepo wa bahari bure.

"Wewe na vitabu vyako," mama akasema. Lakini alicheka.

Kisha akanyamaza kwa muda. Muziki wa juu ulikuwa umefika ule wimbo ambao hupigwa kila arusi. Akasema, polepole, bila kunitazama:

"Sikasiriki kwa ajili ya maji. Maji ni kazi ya Mungu na ya mabomba. Lakini tangu nizaliwe, hii ndiyo mara ya kwanza nalala Mombasa kwa kukodi."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehesabu nauli, nimehesabu chumba, nimehesabu hata pesa za embe. Hilo sikulihesabu. Nilidhani ninamwondolea mzigo wa kuwa mwenyeji, kukanda na kuosha, kumbe ndani ya mzigo ule ndimo alimokuwa mtu wa mji huu. Nilimnunulia ugeni kwa pesa zangu mwenyewe.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja, alifika Mombasa mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa, naye alilala usiku mmoja tu. Hakuna mandhari aliyoisifu sana. Aliwasifu watu kwa dini na tabia njema, akaeleza misikiti yao ya mbao, na visima vilivyokuwa milangoni mwa misikiti ili kila anayeingia aoshe miguu yake. Karibu miaka 700 iliyopita, mgeni wa usiku mmoja alikuwa na maji mlangoni.

Tulilala kama saa tisa, tukaamka kwa adhana. Saa kumi na mbili na nusu jua likaingia. Dirisha linaloelekea mashariki ni zuri sana katika picha. Mwezi wa Februari ni tanuri. Tukashuka kwa staftahi. Tuliletewa slaisi nne za mkate mweupe, siagi iliyoyeyuka, yai moja moja lililopoa, na chai ya mfuko katika maji ya vuguvugu. Kutoka kichochoro cha nyuma ilikuwa ikipanda harufu ya mahamri yanayotolewa kwenye mafuta na mbaazi za nazi. Mtu aliyepika mkate ule alikuwa hatua ishirini kutoka kwa mtu aliyejua kupika, na hakuna aliyemwambia avuke njia.

Nilikwenda mezani kwa kijana nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu usiku kucha: maji, umeme, chandarua, muziki, ngazi. Nilikuwa nimeanza la pili mama aliposimama kando yangu, akaniwekea mkono begani.

"Mwanangu," akamwambia kijana, "wewe ni mtoto wa nani?"

Kijana akamtajia babake. Mama akauliza babu. Akamtajia babu. Mama akafumba macho kidogo kama anayepita nyumba kwa nyumba, akauliza, "Wa nyumba ya pili kutoka msikitini? Mwenye duka la mkaa?" Kijana akashtuka. Akatoka nyuma ya meza, akasema shikamoo upya, mara hii kwa kuinama.

Baada ya hapo hakukuwa na malalamiko tena. Kulikuwa na maelezo. Alitwambia kwamba mwenye nyumba yuko ng'ambo na huiongoza kwa simu. Tangi lilipasuka tangu Desemba. Kila akiomba pesa za tangi huambiwa asubiri, na kila mwezi huambiwa apige picha nyingine ya dirisha ile asubuhi maji yamejaa. Maji ya mkokoteni hununua kwa pesa za staftahi, na hiyo ndiyo sababu ya mkate ule. Siku iliyotangulia yetu alikuwa amepanda zile ngazi na mtungi wa lita 20 mara kumi na moja. Hakulia, lakini alitazama chini muda wote.

Kisha akaingiza mkono mfukoni mwake mwenyewe, akatoa noti ya shilingi 500, akaninyoshea. Kabla sijajua nifanye nini mama aliikunja ile noti ndani ya kiganja chake na kukifunga kwa mikono yake miwili.

"Dirisha nimeliona," akamwambia. "Hilo hujatudhulumu."

Wewe, msomaji, ukiamua kwenda, na ninakuomba uende, usifanye kama mimi. Mji wa Kale una nyumba za wageni zinazoendeshwa vizuri, na kosa la mmoja si la wote. Lakini piga simu kwanza. Uliza tangi lina lita ngapi na jenereta inawasha nini. Uliza ngazi, hasa ukiwa na mzee. Ukifika, usikimbilie dirishani. Fungua bomba, kalia kitanda, tazama chandarua dhidi ya mwanga, ndipo utoe pesa. Na ukumbuke kwamba bandari ile ile niliyoilipia shilingi 2,500 huonekana bure kabisa ukisimama kwenye ukuta wa Bandari ya Kale wakati wa alasiri, na kahawa tungu ya shilingi chache mkononi.

Tukatoka na mizigo yetu. Mama hakutaka tuktuk. Alitembea kutoka Ndia Kuu hadi Makadara kwa miguu yake mibovu, anasalimia kushoto na kulia, na kadiri bahari ilivyobaki nyuma ndivyo mwendo wake ulivyozidi kunyooka. Mtandio ulikuwa mabegani. Uso ulikuwa wazi.

Mama Mkubwa alikuwa mlangoni. Sijui nani alimwambia. Kwa mji ule, pengine hata dereva wa tuktuk. Hakushangaa kutuona, na hiyo furaha ya ghafla niliyoiandaa ikafia hapo hapo barazani. Alitupokea, akatukumbatia, akatuingiza. Chumba cha ndani kilikuwa kimetandikwa: samadari yenye shuka zilizopigwa pasi, mito miwili, ndoo mbili za maji zilizofunikwa kwa sinia. Maji matamu. Shuka zilikuwa na mikunjo migumu ya pasi, na hakuna aliyepiga pasi asubuhi ile. Zilikuwa zimetandikwa tangu jana.

"Mumelala wapi?" akauliza.

Mama akanitazama mimi. Nikaeleza. Nilieleza habari ya dirisha, embe, ngazi, na nilijitahidi kuifanya iwe ya kuchekesha. Mama Mkubwa hakucheka. Alisikiliza hadi mwisho, akasema neno moja tu:

"Kwani huku kumeanguka?"

Akaenda jikoni. Tulisikia sahani. Akarudi na mahamri ya moto na bakuli la mbaazi, akaweka mbele ya mdogo wake, akasimama hapo kumwangalia anavyotafuna, kama anayehakikisha meno yako kamili. Mama alikula manne. Kisha akavua viatu, akapanda kwenye samadari, mchana kweupe, saa nne asubuhi, akageukia ukutani. Kile chumba kina dirisha moja, na dirisha hilo linatazamana na ukuta wa jirani. Ukinyosha mkono unaugusa. Kabla sijamaliza chai yangu alikuwa anakoroma.

Mama Mkubwa alifunga ubao wa dirisha ili mwanga usimsumbue. Akanivuta nje hadi barazani, akakaa, akanikalisha karibu, akainamisha sauti.

"Mulilipa ngapi?"

Nikamtajia nusu.

Hata hivyo alishika kichwa.